Damu ya Mama Mdogo

Mama mdogo alifukuzwa nyumbani kwetu kwa sababu ya kikombe cha uji, na mtu aliyesema juu ya kikombe hicho ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mtoto hahesabiwi kosa. Maneno hayo ni mazuri, lakini wanaoyasema hawakuwapo siku ile.

Tulikuwa tunakaa Lukozi, baba na wake zake wawili. Mama yangu ndiye aliyekuwa mkubwa. Mama mdogo aliletwa mimi nikiwa darasa la kwanza, akajengewa nyumba yake chini kidogo ya yetu, upande wa shamba la viazi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, kwao Magamba, ambako kaka yake alikuwa akifanya kazi ya misitu. Mungu hakumjalia mtoto. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa akachaguliwa kwenye kamati ya kijiji. Tangu hapo, jambo lolote lililotokea nyumbani kwetu lilikuwa jambo la watu wote.

Aliyekuwa akiumwa ni mdogo wangu. Kwa mama tulibaki wawili tu, mimi na yeye. Katikati yetu walikufa wengine wawili wakiwa wachanga. Wakati ninaousema alikuwa na miaka sita hivi, mwembamba kama ufito. Ugonjwa wake haukueleweka. Aliweza kukaa wiki mbili anacheza na wenzake, halafu ghafla anajikunja, magoti yamegusa kidevu, analia kwamba kuna kitu kinamchoma kwenye chembe cha moyo na kutokea mgongoni. Anatapika mpaka inatoka nyongo. Baada ya siku tatu nne maumivu yanaondoka, anabaki amelegea, hata kusimama hawezi. Kwenye viwiko na makalioni alikuwa na vipele vidogo vya manjano, kama punje za mtama. Havikuwasha wala havikuuma. Mama alikuwa akivipaka samli.

Samli na maziwa ndiyo yalikuwa majibu ya mama kwa kila kitu. Mjomba alikuwa akitunza ng'ombe kule Kwai, akampa mama mtamba mmoja wa mbegu ya kizungu. Ng'ombe huyo alipozaa, nyumba yetu ikawa nyumba ya maziwa. Watoto wa jirani walikula makande makavu. Mdogo wangu alipewa maziwa asubuhi, mtindi mchana, na jioni ugali uliopakwa samli mpaka unang'aa. "Kula, ng'wanangu, upate mwili," mama alimbembeleza kwa Kishambaa, na mtoto akikataa, alimshika mashavu akamlisha kwa nguvu. Sijaona mama aliyempenda mwanawe kuliko vile.

Siku moja nimetoka shule nikapita nyumbani kwa mama mdogo kuomba moto. Nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye kigoda, anakunywa kitu kwenye kikombe cha bati. Mama mdogo aliponiona akashtuka.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Atakasirika."

Nikachungulia kikombeni. Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi, hauna maziwa, hauna chochote. Nikaitikia sawa, nikachukua kaa langu la moto, nikaondoka.

Haukupita mwezi, ikaja Idi. Baba alichinja mbuzi, tukala wali wa samli na nyama yenye mafuta, na siku ya pili yake mdogo wangu akaugua vibaya kuliko mara zote. Hakuweza hata kulia. Alikuwa akitoa sauti kama ya paka mdogo. Baba akamwita mganga kutoka kule bondeni. Mganga alikaa, akatazama vitu vyake, akasema, "Kuna mtu wa humu humu anampa mtoto kitu." Kisha akatutazama mmoja mmoja.

Aliponifikia mimi, nikasema. Hakuna aliyenipiga wala kunitisha. Nilisema kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo watu wazima hawalijui, na nilitaka wajue kwamba ninalijua.

"Mama mdogo humpa uji. Aliniambia nisimwambie mama."

Mama mdogo akaitwa. Alikuja na mikono yenye udongo wa viazi.

"Ulimpa mtoto uji?" baba akamuuliza.

"Nilimpa."

"Kwa nini kwa siri?"

"Kwa sababu akinywa maziwa anaumwa. Nimemwangalia tangu mwaka jana. Akinywa uji mtupu haumwi. Nilijua nikisema, dada atadhani namwonea wivu."

Mama akainuka pale alipokuwa amekaa na mtoto. "Unasema maziwa yangu ndiyo yanamuua mwanangu?"

Hakuna jibu ambalo mke asiye na mtoto angeweza kulitoa kwa swali hilo. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Baba, balozi wao, alimtamkia talaka mbele yao. Mama mdogo alifunga nguo zake kwenye kanga, akajitwika, akaishika njia ya Magamba kwa miguu. Alipita karibu nami. Hakunitazama.

Mdogo wangu hakupona. Watu wakasema vile vitu alivyolishwa bado vimo tumboni. Mama akaongeza maziwa ili vitoke.

Mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika, alipata homa juu ya ule ugonjwa wake, akawa mweupe viganjani na kwenye kope za ndani. Baba akakubali apelekwe hospitali Lushoto. Tulipanda lori lililokuwa likipeleka kabichi mjini, mama mbele na mtoto mapajani, mimi na baba juu ya magunia. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mama hakukijua Kiswahili vizuri, na baba asingeweza kukaa huko siku zote. Alikuwa na mikutano.

Daktari alikuwa Mzungu, kijana bado, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukisema polepole kama anayehesabu mayai. Nesi alipovuta damu ya mdogo wangu, akasimama akaitazama sindano. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Daktari aliiweka kwenye kichupa kirefu cha kioo, na asubuhi yake akatuita tuone. Chini damu ilikuwa imetua. Juu yake kumekaa kitu cheupe, kizito, kama malai ya maziwa.

"Haya ni mafuta," akasema. "Mafuta anayokula mtoto hayatoki kwenye damu. Yanakaa. Kwa nini yanakaa, mimi sijui. Sijawahi kuona."

Lakini kwanza, akasema, mtoto ameishiwa damu, lazima aongezewe leo au kesho. Tukapimwa. Ya mama haikufaa, ya baba haikufaa, yangu pia haikufaa. Baba akatuma ujumbe kwa ndugu zake. Wakaja wawili wenye nguvu zao, wakafika mpaka kwenye ngazi za hospitali, wakauliza damu itatolewa kiasi gani. Walipoonyeshwa chupa, wakasema wanakwenda msikitini kuswali adhuhuri. Hawakurudi. Watu wakati ule bado walikuwa na hofu ya mumiani, wale waliosemwa kuwa wanawanyonya watu damu tangu enzi za ukoloni. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, hofu ile ikabaki palepale.

Asubuhi ya pili, mama na mimi tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, baba amesimama, nikamwona mwanamke anapandisha njia, kanga yake imelowa tope mpaka magotini. Alikuwa mama mdogo. Utingo wa lile lori alipopita Magamba alisimulia kwamba binti wa balozi wa Lukozi anakufa na ndugu wanakimbia sindano. Naye akateremka kwa miguu kwenye mvua.

Alipiga magoti kidogo mbele ya mama. "Shikamoo, dada."

Mama hakuitikia. Kwa asiyekulia kwetu, hili huenda likaonekana dogo. Kwetu, kumnyima mtu marahaba ni kumwambia kwamba hayupo.

"Nimesikia wanatafuta damu," mama mdogo akasema. "Wanipime."

"Hatampa," mama akaniambia mimi kwa Kishambaa, kama kwamba mwenzake hasikii Kishambaa. "Mwambie daktari. Huyu hatampa mwanangu kitu tena."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtafsiria. Akamtazama baba. Baba akatazama chini, akasema, "Apimwe."

Damu yake ilifaa. Walimlaza kwenye kitanda cha jirani, wakatoa chupa nzima, na chupa hiyo ikatundikwa juu ya mdogo wangu. Mama aligeuza uso ukutani mpaka tone la mwisho likaisha. Mama mdogo alipewa chai. Akainywa taratibu, akaniuliza kama ninaendelea vizuri na shule. Nikasema naendelea vizuri. Hayo tu ndiyo tuliyosemeshana. Mvua haikukatika, wakamwacha alale pale pale kwenye kitanda cha jirani.

Kesho yake daktari alikuja anakimbia, koti lake halijafungwa vifungo. Ameshika vichupa viwili, akavisogeza dirishani. Kimoja kilikuwa kile cha kwanza, chenye malai. Cha pili kilikuwa cha damu ya asubuhi hiyo, na maji yake ya juu yalikuwa safi, ya rangi ya chai ya rangi, mtu anaona mpaka ng'ambo.

"Tazameni! Mafuta yamekwenda!" Alikuwa akicheka peke yake. Akanigeukia. "Mwambie mama yako hivi: katika damu ya yule mama kuna kitu. Kitu ambacho mtoto hana."

Nikamgeukia mama, nikasema kwa Kishambaa yale niliyoyasikia: "Daktari anasema mama mdogo ana kitu ndani ya damu yake."

Niliona uso wa mama ukikaza, nikajua nimekosea, lakini sikujua nirekebishe vipi. Nilikosa neno. Nilipaswa kusema kwamba kila mtu mwenye afya anacho, hata yeye mama anacho, ila damu yake haikuoana na ya mtoto. Daktari mwenyewe hakuyasema hayo siku ile. Mimi nilisema "ana kitu", na kwetu mtu akiambiwa ana kitu, imekwisha.

"Nilijua," mama akasema. "Hata Mzungu ameona."

Baada ya siku mbili tatu maneno yalikuwa yamefika Lukozi. Aliyefunga ndiye ajuaye kufungua, watu walisema. Kama si yeye aliyemroga, damu yake ingemponyaje? Mtu alitembea kwenye tope kutoa damu yake, na damu hiyo ikawa ndiyo ushahidi dhidi yake.

Daktari alitupa masharti: mtoto asinywe maziwa, asile samli, nazi wala nyama ya mafuta, mboga apikiwe chukuchuku. Mama aliyasikiliza yote. Nyumbani alijaribu kwa miezi michache, na mtoto akakaa bila kuumwa, akaanza hata kunenepa. Mama akasema ameponywa na ile damu. Siku moja akamtilia kijiko cha samli kwenye maharage, kwa huruma, kisha viwili. Tukarudi hospitali. Mama mdogo akaitwa tena, akaja tena, akasalimia tena, na safari hii pia hakuitikiwa. Tangu hapo mama aliacha kabisa kumpa mafuta. Lakini hakumpikia tena yeye mwenyewe. Kazi ya kumpikia ilikuwa yangu. Alikuwa akikaa mbali na jiko mpaka tumemaliza kula, na yule ng'ombe akamrudisha Kwai.

Daktari aliondoka nchini. Alibeba vichupa vya damu ya mdogo wangu na ya mama mdogo, vimefungwa ndani ya barafu. Mimi nikamaliza shule, nikapata kazi ya msaidizi maabara, kuosha vioo na kupaka rangi vipimo vya malaria. Mdogo wangu akakua, akawa msichana mzuri, mwenye kicheko. Nilikuja kugundua kwamba kila siku ya gulio alikuwa akipitia Magamba.

"Unafuata nini kwa yule?" nikamuuliza.

"Nafuata uji," akasema. Kisha akaacha mzaha. "Dada, nilipokuwa mdogo, uji wake ndio chakula pekee kilichokuwa kinakaa tumboni bila kuniuma. Nilikuwa naomba mwenyewe. Nilimwomba asiseme, kwa sababu nilimwogopa mama na yale maziwa yake. Hakuniita hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa namfuata."

Nilikuwa ninakata viazi. Nikaendelea kukata.

Daktari alirudi baada ya miaka mingi, nywele zimeanza kumtoka mbele. Alikuja nyumbani kwetu na gari la kukodi, akanywa chai, kisha akatoa mfukoni kisanduku kidogo. Ndani yake mlikuwa na kichupa kisichozidi kidole cha mwisho cha mkono. Kwenye kitako chake palikuwa na unga mweupe, mdogo kuliko chumvi ambayo mtu angeibana kwa vidole viwili.

"Nimekuja kuwaonyesha," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa lakini kinaeleweka. "Ndani ya mwili kuna mfanyakazi wa kukata mafuta. Kwa binti yenu mfanyakazi yupo, lakini amelala. Hii ni protini. Iko kwenye damu za watu. Hii ndiyo inayomwamsha. Binti yenu amezaliwa bila hii. Tumeitoa kwenye damu, tukaisafisha mpaka imebaki yenyewe tu."

Mama alikuwa mzee kidogo sasa, na Kiswahili alikuwa amekijua. Akanyoosha mkono. "Basi mpe."

"Siwezi, mama. Hii si dawa. Ni ya kuchunguzia, maabara. Kupata kidogo hiki tumetumia damu nyingi sana. Na hata kama ningempa yote, isingemsaidia hata kwa siku moja."

Mama akakitazama kichupa, akamtazama yeye. "Kwa hiyo umesafiri kutoka kwenu kuja kumwonyesha mwenye kiu picha ya maji."

Daktari akawa mwekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefurahi tu, na furaha yake ilikuwa imemtangulia njiani. Mdogo wangu alikiomba kile kichupa, akakishika kwenye mwanga, akakirudisha.

Daktari alitaka damu zaidi, ya mdogo wangu na ya mama mdogo pia. Alishapita Magamba. Mama mdogo alimjibu kwamba atatoa, lakini kwa sharti moja: kwanza daktari asimame mbele ya watu wa Lukozi aseme kwamba yeye hakumroga mtoto. Daktari alikubali, akadhani ni jambo dogo.

Siku iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule. Wakati huo baba alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Gari la daktari likaja, mama mdogo akashuka akiwa na kanga mpya, akasimama pembeni. Daktari akaomba kusema. Akasema yote: protini, mafuta, mfanyakazi aliyelala. Akasema mtoto alizaliwa hivyo. Akasema, "Mama huyu hakufanya kosa. Uji ulikuwa sawa. Yeye alikuwa wa kwanza kujua, kabla yangu mimi."

Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, mstari wa tatu. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nilikuwa mtu mzima, mwajiriwa, ninayejua maana ya protini kwa Kiswahili na kwa Kishambaa. Ningeweza kusema: mimi ndiye niliyeutaja uji, mimi ndiye niliyetafsiri vibaya. Lakini mwenye mkutano alikuwa baba yangu. Nilijiambia kwamba binti hasimami kumsahihisha baba yake mbele ya kijiji. Hiyo ni adabu. Pia ni kisingizio kizuri.

Baba alikohoa. "Tumesikia," akasema. "Tunamshukuru daktari kwa kututembelea. Tuendelee. Mbolea ya shamba la kijiji bado haijafika."

Watu wakampigia daktari makofi. Mama mdogo alisubiri kidogo, kama mtu anayedhani maneno bado yanakuja, kisha akarudi garini akafunga mlango mwenyewe. Nyuma yangu mwanamke mmoja alinong'ona, "Kumbe hata Wazungu wanauchukua uchawi wake kwenye chupa." Mwenzake akacheka.

Damu mama mdogo aliitoa. Alikuwa ameahidi.

Mdogo wangu aliolewa Kwai mwaka uliofuata. Mume alikuwa mtu mwema, wa familia ya wafugaji, na hilo lilinitia wasiwasi, lakini mdogo wangu alisema anajua kujilinda. Aliweza kujilinda mpaka alipopata mimba. Mjamzito kwetu anatunzwa: supu ya miguu ya ng'ombe, maziwa ya moto, samli ili mtoto ateleze. Aliona haya kukataa chakula cha mama mkwe. Aliogopa pia kuitwa mgonjwa na kurudishwa. Maumivu yalipoanza, mimba ikiwa ya miezi saba, alisema ni uchungu wa kawaida. Yalipozidi, mume akatuma mtu kwa baba, na baba na mama wakakubaliana apelekwe kwanza kwa mganga, kwa sababu, walisema, yule mwanamke wa Magamba alikuwa amedhalilishwa uwanjani na lazima amelipiza kisasi. Siku mbili zilipotea huko. Mimi nilikuwa kazini Lushoto, sikujua chochote mpaka alipofikishwa hospitali. Niliwahi kumshika mkono. Damu yake niliivuta mimi mwenyewe, na sikuhitaji kuisubiri itue. Alifariki kabla ya mchana, na mtoto tumboni.

Mama mdogo alikuja mazishini. Wanawake waliokaa kwenye jamvi walisogea, kila mmoja kidogo, mpaka akabaki peke yake kwenye nafasi ambayo wangetosha watu sita. Niliinuka, nikaenda kukaa karibu naye. Hakugeuka.

"Rudi kwa mama yako," akaniambia taratibu. "Ndiye aliyefiwa."

Nikarudi.

Miaka minane au tisa ilipita kabla sijakwenda Magamba. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa ameanza kusahau mambo, akiulizia mara kwa mara kama mdogo wangu ameshakula. Nilimkuta mama mdogo nyuma ya nyumba ya kaka yake anachambua maharage. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa, nikamwambia. Nilimwambia habari ya mganga na kile nilichokisema, na habari ya kutafsiri, na ya uwanja wa shule. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi na bado maneno yalitoka hovyo. Hakunikatisha. Mikono yake iliendelea kutenga mabovu na mazima.

"Habari ya uji nilikuwa najua ni wewe," akasema nilipomaliza. "Habari ya hospitali pia nilikuwa najua. Kishambaa nakisikia, nilikuwa kitandani pale pale."

"Naomba unisamehe, mama."

"Wewe ulikuwa mtoto. Sikukudai wewe. Mkubwa alikuwa baba yako. Mlete yeye aseme."

"Baba amekufa, mama. Mwaka wa tatu huu."

"Najua amekufa," akasema. "Basi."

Kisha akaniuliza kama gari la mchana bado linapita saa nane, nikasema bado linapita. Akasema niondoke mapema, maana likijaa halisimami.